Bati la mawe ya mjomba: nianzie wapi kuyatambua?

Mwanasiti wa Kisauni

Asalaam aleikum jamani. Mjomba wangu aliendesha lori miaka mingi kati ya Mombasa na Taita, na kila aliposimama ilikuwa lazima aondoke na jiwe. Sasa amestaafu, yuko Likoni, macho hayamsaidii tena. Mwezi uliopita aliniita akanikabidhi bati lake la biskuti, lile kubwa la mraba. Alisema katika watoto wote wa nyumba ile ni mimi tu niliyekuwa nikimwuliza habari za mawe yale.

Nimeyatandaza mkekani nikayaangalia moja moja. Kuna bonge jeusi linaloacha weusi vidoleni kila nikilishika, na ndani yake kumejificha kitu cha kijani, kijani kikali, kinachopitisha mwanga nikikimulika kwa tochi ya simu. Kuna jiwe jekundu la pembe sita, fupi, nene, bapa juu na chini. Kuna bamba la ulanga lenye punje nyekundu zilizozama ndani. Kuna jiwe la kijivu ambalo kwa umbo ni dogo lakini ukilipokea mkono unashuka, na pale lilipovunjika limetoa pembe za mraba. Kuna chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa mchanga mweusi. Na kwenye kona, jiwe la rangi ya dhahabu lenye pande za mraba limeanza kupukutika. Chini yake bati limeliwa na kutu mpaka likatoboka, na ukifungua kifuniko unakutana na harufu ya kiberiti. Jirani yake kuna jiwe jeupe ambalo nalo limefanya unga juu.

Kuna mtu alinipeleka kwa mnunuzi mmoja mjini. Akayapitia haraka haraka, akalishika la kijani, akatoa kisu akitaka kukwangua weusi wote palepale. Kisha akataja pesa kidogo, kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Nikalirudisha mkobani nikaondoka.

Siulizi bei. Nataka kujua nina nini, niyasafishe vipi, na ni kwa nini lile la dhahabu linakufa.

Bahari Yetu

Dada, panda matatu uende Voi, kuna kituo cha vito pale, utaangaliziwa na watu wenye vifaa. Kukisia kwa maelezo ya mtandaoni ni kupoteza wakati.

Sonara wa Mji wa Kale

Aleiki salaam mwanangu. Voi ni shauri zuri na utafika kwa wakati wake, lakini yako mengi utakayoyafanya hapo hapo Kisauni, tena utayaelewa vizuri zaidi ukiyafanya kwa mkono wako.

Mimi ni sonara, na baba na babu pia. Riziki yangu ni mawe yaliyokatwa. Na bado nakwambia: hilo la kijani usimpe mtu alikwangue wala alikate. Jiwe likishasuguliwa na kupachikwa kwenye pete ni pambo, na pambo nitakutengenezea lolote utakalo. Lakini jiwe lililokaa ndani ya mwamba wake lajieleza lenyewe: lilizaliwa wapi, kwa joto gani, pamoja na nani. Ule weusi anaotaka kuukwangua huyo bwana ndio ushahidi wenyewe.

Kabla ya kupima chochote, mjomba wako yu hai. Nenda Likoni na daftari. Mshikishe jiwe moja moja mkononi, umwulize alilipata wapi, na uandike atakavyosema, hata kama ni "pale tulipopasukiwa na gurudumu baada ya Maungu". Dereva hakumbuki majina ya milima, akumbuka barabara, na barabara yatosha. Kila jiwe lipe namba: paka doa dogo la rangi nyeupe upande usiopendeza, ukikauka andika kwa wino mweusi, na namba hiyo hiyo iwe daftarini. Nimeona masanduku ya wafu yakifika dukani kwangu yana mawe mazuri mno, na hakuna aliye hai ajuaye hata moja lilikotoka. Hiyo ni hasara isiyolipika. Ugumu wa jiwe utapimwa hata miaka mia ijayo, lakini mahali lilipookotwa hapapimwi na chombo chochote.

Haya, vipimo. Rangi iweke mwisho, maana ndiyo idanganyayo kuliko vyote. Anza na umbo. Jekundu la pembe sita lenye uso bapa, uangalie huo uso bapa chini ya jua ukiuinamisha. Ukiona pembetatu ndogondogo zimechorwa juu yake, huenda una yakuti nyekundu, yaani rubi, iliyo jamii ya madini yaitwayo korandamu. Pande za Mangari, kule Taita, zimetoa rubi tangu miaka ya 1970. Punje za kwenye ulanga nazo, naona ni garneti, kito cha jamii nyingine. Garneti haina umbo la pembe sita lililokatika bapa juu na chini. Ikikua kwa nafasi hutoa nyuso kumi na mbili za msambamba, na ikibanwa huwa mviringo tu.

Kisha nenda kwa wakala yeyote wa M-Pesa mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Mwombe dakika moja, kwenye kiza. Rubi ya kwetu huwaka nyekundu kama kaa la moto chini ya taa ile, kwa sababu ya kromi iliyomo na uchache wa chuma. Garneti nyekundu imejaa chuma, na chuma huzima mwanga huo, kwa hiyo itabaki nyeusi.

Uzito sasa, na hapa ndipo utakapofurahi. Azima mizani ndogo ya elektroniki inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, ulifunge jiwe kwa uzi mwembamba na kulizamisha lote bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe. Namba itakayotokea, gawanya nayo ule uzito wa kwanza. Utapata jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo wake. Kwatzi ni 2.65, kalsaiti, yaani fuwele ya chokaa, 2.7, garneti ya kijani karibu 3.6, korandamu 4, na risasi ghafi, ile waiitayo galena, ni 7.5. Kipimo hiki ni kwa jiwe lililo huru tu. Lililoshikana na mwamba litakupa uzito wa mwamba na jiwe pamoja.

Hilo la kijivu, kabla hujafika kwenye hesabu, nakutahadharisha. Kama ni galena, hiyo ni madini ya risasi yenyewe. Usilipime kwenye mizani ya unga wa mahamri, nawa mikono kila ulishikapo, na watoto wasilichezee kabisa.

Kukwaruza ni kipimo cha Friedrich Mohs cha tangu 1812, talki chini kwa 1 na almasi juu kwa 10. Ukucha ni kama 2 na nusu, ubapa wa kisu kama 5 na nusu, kwatzi 7. Ni kipimo kizuri lakini kinaacha kovu, kwa hiyo kifanye mgongoni mwa jiwe, penye ufa tayari, kamwe si kwenye uso wa fuwele.

La dhahabu na jeupe nawaachia wenye kemia yao. Usiyatie maji.

Mchimbaji wa Lualenyi

Dadangu, mimi niko mashimoni huku, kwa hiyo nitasema la kijani tu. Huo weusi unaopaka vidole ni grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Sisi tukichimba hatufuati kijani, kwa maana kijani hakionekani juu. Tunafuata ule mkanda wa mwamba wenye grafaiti, na ndani yake tunatafuta vibonge. Kibonge kinakuwa kimefungwa pande zote kama kiazi, nje hakina sura, ukikigonga ndiyo unaona. Vingi vimepasukapasuka ndani na hutoka vipande vidogo. Kipande kikubwa kilicho safi ni nadra sana, ndiyo maana bei yake iko juu.

Kwa hivyo grafaiti na kijani pamoja, na mjomba alipita njia hizi, mimi naona ni tsavoraiti, yaani garneti ya kijani, sisi tunaita gringaneti. Lakini hata tomalini ya kijani tunaipata pande hizi, usikimbilie. Tomalini hukaa kwa vijiti virefu, ina mistari inayofuata urefu wake, na ukiigeuza mbele ya mwanga kijani chake hubadilika upande na upande. Garneti ukiigeuza hivi au vile rangi ni ile ile. Mulika upande halafu zungusha taratibu.

Na huyo wa kisu angevunja. Jiwe hili lina mipasuko ndani hata kama nje linaonekana zima. Kisu kikiteleza, basi.

Sonara wa Mji wa Kale

Shukran sana bwana wa Lualenyi. Nimwongezee Mwanasiti hili, maana laeleza kwa nini weusi na kijani hufuatana. Grafaiti hiyo ni kaboni ya tope la bahari ya kale, tope lililojaa mabaki ya viumbe. Tope la namna hiyo hubeba na metali iitwayo vanadi. Mabara yalipogongana, kiasi cha miaka milioni 600 iliyopita, ukanda wote huu kutoka Msumbiji kupitia Tanzania hadi kwetu na kuendelea kaskazini ulizikwa, ukapikwa na kukandamizwa. Kaboni ikawa grafaiti, chokaa na udongo vikatoa garneti, na vanadi ikaipaka kijani. Kwa hivyo mwanangu, mle ndani ya bati una kipande cha bahari iliyotangulia Bahari ya Hindi kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Mjiolojia Campbell Bridges alilikuta jiwe hili 1967 upande wa Tanzania, akaufuata mwamba ule ule akilini mwake hadi akalipata Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliufuata mwamba, hakufuata rangi. Jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo, lilitolewa 1974 na watu wa Tiffany, duka la vito kule New York.

Ndiyo maana nalia na weusi ule usikwanguliwe.

Mwanasiti wa Kisauni

Nimerudi na majibu, na nashukuru hadi sijui niseme nini.

Likoni kwanza. Mjomba alilishika la pembe sita, hata sijamaliza swali, akasema "Mangari, nilipewa na kijana niliyempakia". La kijani alisema Kuranze. La kijivu si la Taita kabisa, alilichukua Vitengeni alipopeleka saruji. Mchanga wa chupani ni wa Kwale, Maumba. La dhahabu hakumbuki, na nimeandika hivyo hivyo. Tulikaa mpaka magharibi akinisimulia kila kituo cha barabara ile.

Wakala wa M-Pesa alizima taa ya kibanda. La Mangari liliwaka! Wekundu mkali kabisa, mpaka wateja wakasogea kuangalia. Punje za kwenye ulanga hazikutoa kitu.

Mizani nimeazima kwa fundi wa simu. La pembe sita ni gramu 31.2, ndani ya maji 7.8, nikagawanya nikapata 4 kamili. La kijivu gramu 148.5 na 20.1, yaani 7.4. La kijani nimelizungusha mbele ya tochi, rangi haikubadilika upande wowote.

Ila jeupe limenitatiza. Nilitonesha ndimu juu ya ule unga nione kama ni chokaa, maana chokaa ingetoa mapovu, kimya. Nikajua basi si chokaa. Lakini chini kuna pahali palipomeguka, nikatonesha hapo pia, pakatoa mapovu madogo madogo. Jiwe moja, majibu mawili. Tena unga wa juu unakwaruzika kwa ukucha na pale ndani ukucha unateleza. Nimerudia, ni vile vile.

Mwalimu wa Kemia, Tudor

Mwanasiti, hapo umeona kitu ambacho wanafunzi wangu wangekikosa, na kimeletwa na uangalifu wako wa kutonesha mara mbili. Majibu yote mawili ni sahihi. Ndani ni kalsaiti: ugumu 3, ukucha hauiwezi, na asidi ya ndimu inaifanya itoe hewa ya kabonidioksidi, ndiyo mapovu. Juu ni jasi: ugumu 2, ukucha unaikwaruza, na ndimu haiisumbui.

Imefikaje jasi juu ya kalsaiti? Muulize jirani yake. Jiwe la dhahabu ni pairaiti, chuma na salfa zilizoungana. Kwenye hewa kavu inaweza kukaa miaka na mikaka. Kwenye unyevu, hasa hewa ikipita kiasi cha asilimia 60 za unyevu, hunyonya oksijeni na maji, ikavunjika, ikatoa chumvi za chuma za rangi nyeupe na manjano pamoja na asidi ya salfa. Mombasa yetu unyevu uko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Ndani ya bati lililofungwa asidi hiyo ilikuwa haina pa kwenda. Ikala bati likatoboka, ikamfikia na kalsaiti wa jirani, na kalsaiti ikishikwa na asidi ya salfa hugeuka jasi. Unga ule mweupe haukutoka nje. Ni ngozi ya jiwe lenyewe iliyobadilishwa.

La kufanya: mtenge huyo pairaiti leo. Usimwoshe, maji yanaharakisha maradhi. Mpanguse kwa brashi kavu laini, ukiwa umefunika pua, nje ya nyumba, na unga ule usiuguse kwa mkono mtupu. Kisha mweke peke yake kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika. Vile vya kwenye masanduku ya viatu mara nyingi vimeshashiba unyevu wa huku. Tafuta ile silika inayobadilika rangi ikichoka, uikaushe kwa moto wa chini kila inapobadilika. Kilichoharibika hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kusimama hapo kilipo.

Kalsaiti usiikwangue. Kwa maoni yangu hilo sasa ndilo jiwe la kufundishia kuliko yote matano au sita uliyonayo. Liandikie habari yake daftarini.

Mawe mengine ondoa kwenye bati kabisa. Sanduku la mbao au la karatasi ngumu, kila moja na kijisanduku chake.

Sonara wa Mji wa Kale

Mwalimu amenifundisha na mimi. Mwanangu, kwa 4 kamili, pembe sita na mwanga ule, hilo la Mangari ni rubi, sina shaka nalo. La Vitengeni ni galena, kule hufuatana na baraiti, madini mengine mazito. Huko ndiko pia zilikotafutwa risasi na zinki zamani, kama kule Kinangoni, Kilifi. Mchanga wa Maumba ni ilmenaiti kwa wingi, ndiyo ile nyeusi, pamoja na rutaili na zirkoni. Mimina kidogo kwenye karatasi nyeupe, pitisha chini yake sumaku yenye nguvu. Nyeusi itasogea kivivu, na utabakiwa na punje za hudhurungi, ndizo rutaili, na nyingine safi zisizo na rangi, ndizo zirkoni. Tazama hizo safi kwa kioo cha kukuzia. Mgodi wa mchanga wa huko Kwale ulianza kutoa 2013 na ulifungwa mwisho wa 2024, kwa hiyo chupa hiyo ya dawa itunze.

La kijani naona tumekubaliana sote, ila thibitisho la mwisho acha litoke Voi, na uwaambie mapema hutaki likatwe.

Mwanasiti wa Kisauni

Ami, swali la mwisho, naogopa sheria. Na pia chini ya bati kulikuwa na kitu nilichosahau kutaja: jiwe la kijivu lenye umbo la kombe lililojikunja, lina mbavu mbavu. Mjomba anasema aliliokota Miritini walipokuwa wanachimba msingi.

Sonara wa Mji wa Kale

Kwa Sheria ya Madini ya 2016, madini ni mali ya Jamhuri. Mwenye kufanya biashara ya kununua na kuuza sharti awe na leseni, na kuyatoa nje ya nchi kunataka kibali. Kwa hiyo usiuze kwa mtu wa kando kando, na usimpe mgeni akuondokee nayo uwanja wa ndege. Ukienda Voi ondoka na daftari lako, uwaulize pia wakuandikie unavyopaswa kuyaweka.

Hilo la Miritini ni jambo jingine kabisa. Umbo hilo ni la amonaiti, mnyama wa bahari wa enzi ya Jurasiki, na mwamba laini wa Miritini na Changamwe wajulikana kuwa nao. Visukuku si madini. Vyalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Lipeleke Fort Jesus kwa watu wa makumbusho, uwaeleze msingi upi na kina gani, na umchukue mjomba akiweza, maana yeye ndiye ajuaye shimo lilikuwa wapi. Usilisafishe kwanza.

Mwanasiti wa Kisauni

Tutakwenda Jumatatu asubuhi, ameshakubali. Pairaiti iko kwenye chombo chake. Mwenye kujua duka la mjini linalouza ile silika ya kubadilika rangi kwa kilo aniandikie tafadhali, nimezunguka Biashara Street yote sijaipata.

Mwalimu wa Kemia, Tudor

Jaribu maduka ya vifaa vya maabara vya shule, siyo ya vifaa vya ujenzi. Ukikosa, nakuletea kifuko kimoja kutoka kwangu uanzie.